Fundi wa Cherehani na Pikipiki ya Nuru

Ukimtafuta Mahmoudi katika soko la komuni ya Tshopo, mjini Kisangani, usiulize fundi wa cherehani, maana mafundi wa cherehani wako watatu. Uliza yule anayeduwaa. Watakuonyesha kibanda cha mabati kilicho mkabala na wauza unga wa muhogo, na ndani yake utamwona mwanamume mwembamba, bisibisi mkononi, macho ameyaelekeza kwenye paa kana kwamba kuna mtu anazungumza naye huko juu. Wateja wamemzoea. Mtu akifika na kumkuta katika hali hiyo huketi kwenye benchi na kungoja. Colette, muuza unga wa jirani, huwaambia wageni, "Mumuache. Atarudi sasa hivi."

Na kweli hurudi. Akisharudi, mashine iliyokuwa imekataa kushona kwa wiki tatu hushona. Mafundi wa nguo walimletea mashine zao kutoka komuni za Makiso na Mangobo, hata kama njiani waliwapita mafundi wengine.

Siri yake alimwambia mtu mmoja tu, naye ni Nuru, binti wa dada yake. Alimwambia kwamba akiwa ameduwaa hivyo huwa ndani ya mashine. Hujifanya mdogo kama siafu, akaufuata uzi tangu juu, akapita nao kwenye springi, akashuka nao hadi kwenye tundu la sindano, na mahali uzi unapoumia naye huumia. Hapo anajua pa kufungua. Nuru alikuwa na miaka sita aliposikia habari hiyo, na aliiamini yote.

Mahmoudi alikuwa na miaka hamsini na minne. Alioa zamani, hawakujaliwa mtoto, na mke akarudi kwao Kindu kwa amani. Bado walitumiana salamu za Idi. Aliishi kwenye ua wa dada yake Madina, fundi wa nguo, ambaye mumewe alifanya biashara ya mchele Buta na kuonekana nyumbani mara mbili kwa mwaka. Kwa hiyo mwanamume wa kila siku katika utoto wa Nuru alikuwa huyu mjomba wake, tonton kama alivyomwita, aliyeweza kukaa na sahani ya lituma, ndizi zilizopondwa, mapajani mpaka ikapoa, kwa sababu mawazo yamempeleka mbali.

Nuru alipotimiza miaka kumi, yalitokea mambo ya Désiré.

Désiré alikuwa mwalimu wa hesabu ambaye ujanani aliendesha teksi ya pikipiki. Alikusanya pikipiki ndogo nne tano, akaomba ruhusa ya kutumia barabara ya lami inayozunguka maghala ya zamani ya pamba, na kila Jumapili asubuhi akawa anawafundisha watoto mbio za barabarani: namna ya kuingia kona, namna ya kulala na pikipiki bila kuanguka nayo, namna ya kumpita mwenzako bila kumgusa. Nuru alikwenda kutazama na rafiki yake wa shule, Priscille. Wakamwazima pikipiki, akazunguka mara tatu. Aliporudi nyumbani hakula.

"Una malaria?" Madina akamuuliza, akimshika paji la uso.

"Hapana, mama. Niko nasikia tu kama ningali natembea."

Kesho yake, baada ya shule, alikwenda moja kwa moja kibandani kwa tonton wake. Akangoja arudi kutoka huko alikokuwa, kisha akasema, "Tonton, wee unajua bamashine yote."

"Ya kushona, mama," akajibu Mahmoudi.

"Moto nayo iko mashine."

Moto ndivyo watu wa Kisangani wanavyoiita pikipiki. Mahmoudi akacheka. Kisha kicheko kikamtoka usoni polepole, akatazama paa, na Nuru akajua kwamba ameshaingia.

Pikipiki yenyewe ilitoka kwa Glodi, mfanyabiashara wa mtoni ambaye mashua yake husafiri kati ya Kisangani na Opala. Katika ghala lake bandarini kulikuwa na kapikipiki ka cc themanini ambako zamani kalikuwa ka muuguzi wa chanjo huko Opala, hadi siku kalipotumbukia mto Lomami wakati wa kuvuka. Injini iliganda kwa kutu. Kuku wa Glodi walikuwa wakitaga kwenye springi za kiti. Émilie, mke wa Glodi, alikuwa na cherehani mbili zilizolala, na Mahmoudi akaziamsha zote mbili kwa siku moja. Glodi akasema basi, achukue hiyo takataka, ila mayai ayaache.

Ilifika nyumbani imefungwa kwa kamba nyuma ya toleka, baiskeli ya teksi, na mwenye baiskeli akiisukuma huku ametota jasho. Barabara nzima ilipiga kelele: "Leo moto inabebwa na velo!" Nuru alitembea pembeni ameshika gurudumu la nyuma, hakusikia hata neno moja.

Kazi ilikuwa ya kusubiri zaidi kuliko ya kupiga nyundo. Pistoni ilikuwa imeshikana na silinda, na Mahmoudi hakutaka kuilazimisha. Akamimina mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili kupitia tundu la bugi, plagi ya kuwashia, akaacha yashuke yenyewe. Kila alfajiri, baada ya sala, aliweka kiganja juu ya injini. Nuru alitoka ndani na daftari zake, akachutama.

"Imeamuka?"

"Ingali inalala."

Siku tisa zilikwenda hivyo. Ukungu wa mto Tshopo ulipanda hadi uani, na ngurumo ya maji ya bwawa ilisikika kwa mbali, na Mahmoudi, kiganja kikiwa kwenye chuma baridi, alitembea ndani ya silinda kama mtu anayepita kwenye nyumba iliyofungwa miaka mingi, akigusa kuta. Siku ya kumi alisukuma pedali ya kuwashia kwa mkono, ikashuka nusu kidole. Alimwita Nuru aweke mkono wake mahali pale pale, na mtoto akaisikia mwenyewe ikishuka.

Baada ya hapo mambo yalikwenda. Ringi za pistoni zilipatikana kwa wauza vipuri vya jenereta, akazipunguza kwa tupa hadi zikakaa. Gasketi alizikata kwenye boksi la majani ya chai. Kiti alikishusha ili miguu ya Nuru ifike chini. Madina naye alipasua sofa kuukuu, akamshonea bintiye koti la ngozi lenye viwiko vinene, na kwenye magoti ya suruali akashonea vipande vya bidoni la njano, dumu la mafuta, ili akiteleza, plastiki iteleze kabla ya ngozi yake. Rangi alichagua Nuru: kijani, iliyobaki baada ya kupaka mlango wa choo.

Iliwaka siku ya Ijumaa, watu wakitoka msikitini. Madina alisimamisha mashine yake ili asikilize. Ikakohoa, ikatema maji ya kahawia, ikakohoa tena, kisha ikashika. Moshi ulijaa uani. Sauti yake ilikuwa nyembamba kama ya mbuzi mchanga, na kila mtu alicheka isipokuwa Mahmoudi, aliyekuwa amefumba macho.

Jumamosi asubuhi walikwenda kuijaribu kwenye barabara ya kuelekea bwawani, kabla watu hawajawa wengi. Ukungu ulikuwa mzito. Nuru alivaa kofia aliyoazimwa na Désiré, akaondoka. Mahmoudi alimwona akiwa mdogo, kisha kivuli, kisha hakumwona, akasikia tu ile sauti nyembamba ikienda mbele ndani ya weupe. Akafurahi mpaka akahisi mwili wake mwepesi. Alimwona mtoto akipanda juu ya ukungu, juu ya mto, magurudumu hayagusi kitu, na chini yake nyavu za wavuvi zimetandazwa kama nguo za kufuliwa.

Halafu sauti ikanyamaza.

Nuru alikuwa amesimama tu ili ageuze. Lakini katika kimya kile, mawazo yale yale yaliyompandisha mtoto mawinguni yalimteremsha. Mahmoudi aliona gurudumu likizunguka peke yake kando ya barabara. Aliona kandambili moja. Aliyaona hayo waziwazi, kama alivyoona siku zote tundu la sindano. Nuru aliporudi, uso umelowa umande na meno yote nje, alimkuta tonton wake ameketi chini.

"Tonton, ulianguka?"

"Hapana. Nimekaa tu kidogo."

Mchana huo, Nuru akiwa kwa Priscille, Mahmoudi alichukua kipande cha shaba kutoka bomba kuukuu, akakata pete ndogo, akaitoboa tundu lisilopita kalamu, akaitia kwenye mfereji kati ya kabureta na silinda, mahali injini inapovutia pumzi yake. Akafunga nati mbili. Akaiwasha: ilinguruma vizuri, lakini haikuwa na nguvu ya kukimbia. Alijiambia ni kwa muda tu, mpaka mtoto azoee. Hakumwambia mtu.

Jumapili ya kwanza Nuru alikuwa wa mwisho kati ya watoto kumi na mmoja, baadhi yao na pikipiki za nyumbani kwao. Hilo halikumshangaza yeyote. Jumapili ya pili akawa wa mwisho, na ya tatu pia. Kwenye kona alikuwa mzuri kiasi kwamba wazazi walionyeshana kwa kidole: alilala na pikipiki yake taratibu, goti la njano karibu na lami, akatoka kwenye kona akiwa ubavuni mwa mwenzake. Lakini njia ikinyooka, wote walimpita mmoja baada ya mwingine, na yeye alivuta gesi mpaka mwisho, kichwa ameinamisha, kama anayekimbia huku amebanwa pua.

Désiré alimfuata Mahmoudi. "Papa Mahmoudi, mutoto iko na jicho. Fasi ya kuingia kona anaijua bila hata kuambiwa. Lakini hii moto haipumui bien. Utaangalia kabureta?"

"Nitaangalia," akasema Mahmoudi, na hakuangalia.

Jumapili hiyo ya tatu Nuru hakutaka kuendesha kurudi nyumbani. Aliisukuma, na tonton wake akatembea upande wa pili. Walipofika karibu na soko, mtoto akasema bila kumtazama:

"Tonton, tumupatie Priscille hii moto."

"Kwa nini?"

"Moto iko bien. Wee ulitengeneza bien. Ni mie. Mikono yangu haiko ya mbio." Akasukuma hatua chache. "Priscille atafika mbele nayo. Mie nitakuwa nasafisha."

Mahmoudi alipofika kibandani aliketi, akatazama paa, akataka kwenda alikozoea kwenda. Hakuweza. Kila alipojifanya mdogo na kuingia, uzi wowote aliofuata ulimfikisha kwenye ile pete, na hapo njia ilikuwa nyembamba mno. Colette alimletea maji bila kuombwa.

Siku mbili alizunguka na siri hiyo. Siku ya tatu, alasiri, mvua kubwa ilipiga mabati, na Nuru alikuwa kibandani akifanya hesabu zake ukingoni mwa benchi. Pikipiki ya kijani ilikuwa imeegemea ukuta. Mahmoudi alichukua spana, akaiweka juu ya daftari.

"Fungua hapa. Na hapa."

Nuru alifungua nati mbili, akavuta mfereji, na pete ya shaba ikamdondokea kiganjani. Akaigeuza.

"Hii iko nini?"

"Niliitia mie. Inazuia moto isikimbie."

Mvua ilikuwa na kelele, Nuru akafikiri hakusikia vizuri. "Ilikuwa yake? Ilitoka nayo Opala?"

"Hapana. Niliikata mie mwenyewe, niliiweka mie. Tangu ile siku ya ukungu. Niliogopa, Nuru."

Mtoto alizirudia akilini zile Jumapili tatu, moja moja. Kisha akasema polepole, "Donc mie sikukuwa mubaya."

"Hata siku moja."

"Na wee ulijua. Ulikuwa unaniangalia nasukuma, na ulijua."

"Nilijua."

Aliiweka pete kwenye benchi, akafunga daftari lake, akatoka nje kwenye mvua ile. Mahmoudi hakumfuata.

Wiki nzima Nuru hakusema naye. Alimletea sahani yake jioni, akaiweka, akaondoka. Madina alisikia habari yote kwa bintiye, na hakupiga kelele kama kaka yake alivyotarajia. Alikuja uani na pini mdomoni, akazitoa moja moja kabla ya kuongea na kaka yake, ambaye humwita yaya.

"Yaya, mie nilimushonea magoti nikiogopa vilevile. Unafikiri nalala vizuri Jumamosi? Lakini nilimuonyesha nilichoshona. Alivaa akijua."

"Ni kweli, Madina."

"Basi," akasema Madina, akarudi kwenye mashine yake.

Jumamosi iliyofuata, asubuhi, Nuru alisimama mbele ya kibanda na spana mbili mkononi. Alikuwa ameyapanga maneno yake njiani, ilionekana.

"Nitaendesha. Lakini kila Jumamosi nitafungua moto mie mwenyewe. Yote. Wee utaonyesha tu, hautagusa."

"Sawa."

"Hata bugi hautagusa."

"Hata bugi."

Ndivyo Mahmoudi alivyojikuta, kwa mara ya kwanza maishani, ameketi kwenye benchi la wateja huku mtu mwingine akifanya kazi mezani pake. Mikono yake ilimwasha. Aliiweka chini ya mapaja. Nuru alikosea, akapoteza nati, akafunga kinyume, akafungua tena, na tonton wake akasema tu, "Angalia tena." Alimkumbusha habari ya siafu, kwamba ajifanye mdogo, aingie na pumzi ya petroli kutoka kwenye tanki. Nuru alifumba macho kwa muda, akakunja uso.

"Sioni kitu. Mie nasikia tu. Pale inalia kidogo, unasikia?"

Mahmoudi alisikiliza. Hakusikia chochote. Lakini alipomwambia aangalie, springi ya kabureta ilikuwa imechoka kweli, mahali pale pale.

Jumapili ilipofika, pikipiki ya kijani iliondoka kwenye mstari kama kitu kilichofunguliwa kamba. Nuru mwenyewe alishtuka. Ilionekana mabegani mwake. Mzunguko wa kwanza alikuwa wa sita. Wa pili, wa tano. Kwenye mzunguko wa tatu, kwenye kona ya ghala la mwisho, aliingia kwa mwendo ambao hakuwahi kuwa nao, gurudumu la nyuma likapata mchanga, likatoka chini yake.

Mahmoudi aliona yote. Mtoto akateleza kwa goti na kiwiko juu ya lami, pikipiki ikazunguka mbele yake, ikalala kando ya njia, na gurudumu likawa linazunguka peke yake hewani. Lilikuwa gurudumu lile lile aliloliona siku ya ukungu. Alisimama akingoja yaliyobaki. Lakini mawazo yake hayakuwahi kupita hapo, na Nuru akapita: aliketi, akatazama goti lake la bidoni lililokwaruzika mpaka likawa jeupe, akasimama, akachechemea hadi kwenye pikipiki, akainyanyua kwa mgongo kama Désiré alivyowafundisha, akapiga pedali mara nne. Ya tano ikawaka. Watu walipiga makofi. Madina aliyafungua macho aliyokuwa ameyafunika kwa kitenge.

Alimaliza wa nane. Alipofika kwao aliivua kofia, na la kwanza alilosema lilikuwa kwa tonton wake: "Ulisikia alivyokimbia?" Alisema "alivyo", kama anayemsema mtu.

Hiyo ni habari ya mwaka juzi. Nuru hajawahi kushinda mbio; mara moja alikuwa wa tatu, na siku hiyo alilala na koti lake. Miguu yake ilirefuka, magoti yakaanza kugonga usukani, na pikipiki ya kijani ikaenda kwa Priscille, safari hii bila huzuni. Wazazi wengine walianza kuleta kibandani vipikipiki vilivyookotwa nyuma ya misheni na chini ya vitanda, na sasa nusu ya kibanda ni cherehani, nusu ni magurudumu. Colette analalamikia moshi kwenye unga wake, na mwenyewe ndiye anayeuliza wa kwanza kila Jumatatu nani alifika wa ngapi.

Kitu kimoja hakikurudi kama zamani. Kabla ya kila mbio, hata kama jana yake ameifungua pikipiki yote kwa mikono yake, Nuru huchomoa mfereji wa kabureta na kupitisha kidole ndani. Hafanyi kwa hasira. Mahmoudi akiona hivyo hugeuka na kuangalia watu wanaoweka matairi kando ya njia.

Mwezi uliopita walikwenda bandarini kwa Glodi kutafuta pikipiki ya cc mia. Kulikuwa na mbili, moja nyekundu na moja isiyokuwa na rangi tena. Nuru, miaka kumi na miwili, alichutama kati yazo, akazungusha gurudumu, akanusa oili kwenye kidole, akaweka sikio kwenye tanki.

"Hii nyekundu walishaigongesha," akamwambia Glodi. "Iko imepinda huku. Tutabeba ile ingine."

Glodi akacheka, akamtafuta Mahmoudi kwa macho ili mtu mzima athibitishe. Mahmoudi alikuwa mlangoni. Mto ulikuwa mpana na wa kahawia, na magugu ya maji, kongo ya sika, yalishuka nao kwa makundi, kila kundi na maua yake ya zambarau, na juu ya moja alisimama ndege mweupe aliyesafiri bila kupiga bawa. Mahmoudi alikuwa naye. Walikuwa wameshapita visiwa, wanashuka na mto kuelekea Yanonge.

"Tonton!" Nuru akaita. "Shika huku nyuma."

Akarudi, akashika nyuma, Nuru akashika mbele, wakainyanyua.